Mfungo wa Siri wa Fundi wa Friji

Jumatatu, 23 Februari 2026

Nafasi imepatikana! Mama Tabitha wa maombezi amehamishwa kikazi kwenda Isiolo. Jana Mchungaji Nzuki alitangaza kwamba kikundi cha kuwaombea wagonjwa kinahitaji mtu mmoja. Mmoja tu. Jumapili ijayo ataitwa mbele, apakwe mafuta mikononi, na kuanzia hapo wagonjwa ni wake.

Niliinua mkono. Mwalimu Mwiti naye akainua. Tena aliinua kabla yangu, na jambo hilo limeninyima usingizi. Tangazo lilikuwa halijaisha! Mtu hainui mkono kwa tangazo ambalo halijaisha isipokuwa amelisikia mahali pengine. Alilisikia wapi?

Tangu nije Garissa kutengeneza friji, kanisani mimi ni mtu wa viti. Ninafika kabla ya wote, ninapanga viti. Ibada ikiisha ninavikusanya. Wakitaka mtu wa kufundisha neno wanamtafuta mwingine. Wakitaka mtu wa kuongoza nyimbo, mwingine. Kiti kikivunjika ndipo nasikia, Hezroni yuko wapi? Nimechoka. Nataka mtu akiugua ndipo aulize Hezroni yuko wapi. Nalitaka jambo hili mpaka kifua kinauma.

Mchungaji alitoa masharti. Anayetaka huduma ya uponyaji aanze na nafsi yake. Afunge, lakini kwa siri. Apatane na aliyekosana naye. Aondoe wivu moyoni. Amtembelee mgonjwa, amsikilize kwanza kabla ya kufikiria kumwekea mikono. Na asitafute sifa. Hilo la sifa alilisema akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Leo asubuhi nimegundua tatizo. Ni Ramadhani! Mji mzima umefunga. Kwetu Mwingi mtu akifunga anajulikana. Midomo imekauka, mwendo umepungua, majirani wanaulizana fulani ana nini. Hapa midomo ya kila mtu imekauka. Nitafunga wiki nzima na hakuna atakayenitazama mara mbili. Siri ni nzuri, lakini hii imezidi.

Nimeamua hivi. Nitafunga kwa siri kama alivyosema Mchungaji, ila mtu mmoja au wawili waaminifu waigundue siri hiyo. Kuigundua itakuwa juu yao.

Jioni Kerrow, mwenye ploti ninayoishi, alinisimamisha kwenye lango. Friji yao imekufa. Ndani kuna juisi ya futari na dawa ya mama yake, bibi mzee tunayemwita Ayeyo Ugbad, ambaye ana ugonjwa wa sukari na anadungwa sindano kila siku. Nikamwambia nitaiangalia kesho. Alinisisitizia sana. Haraka yote hiyo ya nini? Nadhani ni juisi.

Jumanne, 24 Februari

Siku ya kwanza ya kufunga. Jua lilikuwa bado chini na tayari nilikuwa ninawaza chapati.

Nikachukua mfuko wangu wa vifaa nikaenda kwa Kerrow. Mkewe Khadra ni mwema mno, na watu wema mno mimi huwatazama kwa jicho la pili. Alikuwa ameniwekea glasi ya juisi ya embe nyuma ya mlango, kwa sababu mimi ni Mkristo na jua ni kali. Alisema ninywe tu bila wasiwasi, yeye atageuka atazame upande mwingine.

Nafasi ndiyo hiyo! Nikasema, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba siwezi kunywa. Nimefunga.

Khadra akaiweka glasi chini. "Masha Allah! Fundi, wewe nafunga?" Nikasema ndiyo, wiki hii yote. "Wallahi?" Nikasema kweli kabisa. Akatoka mbio kumwambia mumewe, ndala moja ikabaki mlangoni.

Hapo ningeweza kueleza kwamba mfungo wangu ni wa kanisani. Nilifungua mdomo nieleze. Nikaufunga. Shahidi amepatikana, ya nini kumchanganya?

Kerrow alikuja akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Hesroni, walaal, sasa mimi na wewe ni ndugu kabisa." Akasema mtu aliyefunga siku ya kwanza asisumbuliwe na kazi kwenye joto hili. Nikapumzike, friji ingoje. Dawa ya mama ameipeleka duka la jirani, ameitia kwenye friza ya soda, huko itapata baridi ya kutosha. Mimi ni fundi, je, ninaonaje? Nikasema ni sawa. Kusema kweli sikuwa ninasikiliza, kwa sababu Mwiti alikuwa akipita ng'ambo ya barabara na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Kikapu cha nini? Na kwa nini kimefunikwa?

Adhana ya magharibi ilipolia waliniita uani. Tende, sambusa, uji, nyama ya mbuzi, wali. Mfungo wangu nilikuwa nimeupangia uishie jua linapozama, kwa hiyo sikuona kosa. Nilikula mpaka nikahema. Sijawahi kufunga vizuri namna hii maishani mwangu.

Lakini nyama nyingi hivyo, kwa mpangaji tu? Hapa pana jambo. Nitafungua macho.

Jumatano, 25 Februari

Nimekijua kikapu! Nyuma ya stendi ya magari ya Mwingi kuna hoteli inayotundika pazia zito mlangoni wakati wa Ramadhani. Sisi wa bara tunakula humo ndani kwa adabu, ili aliyefunga asituone. Jana Mwiti alikuwa ameelekea huko huko. Kwa hiyo anafunga mbele ya Mchungaji na kufungua nyuma ya pazia! Nilichohitaji ni kumshika akiwa na tonge mkononi.

Nikaingia mapema, nikakaa kwenye kona. Mwenye hoteli akasimama mbele yangu bila kuondoka. Huwezi kukaa hotelini bila kuagiza, atakushuku. Nikaagiza chapati na maharagwe. Zikaletwa zikifuka moshi. Nilimwomba Bwana anitie nguvu. Nilimwomba pia amlete Mwiti upesi.

Muda ukapita. Mwenye hoteli alikuwa akinitazama, akaitazama sahani, akanitazama tena. Ili asinishuku nikamega kipande cha chapati, nikakichovya kwenye maharagwe, nikakishika tu.

Pazia likafunguka. Mama Kasyoka!

Mama Kasyoka ndiye kiongozi wa maombezi. Kama kuna mtu mmoja Garissa nzima asiyetakiwa kuniona na chapati mkononi, ni yeye. Alikuwa amekuja kununua chai ya kazini. "Bwana asifiwe, Hezroni." Nikasema amina. Akaitazama sahani. Akautazama mkono. Akaniambia nile tu, isije ikapoa. Akabeba chupa yake akaondoka.

Mwiti aliingia nyuma yake. Hakukaa! Alitoa chupa kwenye kile kikapu, akatiliwa uji, akasema ni wa mwanafunzi wake aliye kitandani na malaria, akaniuliza mfungo unaendeleaje, akaenda zake. Hakulamba hata kidole. Mjanja sana huyu. Mtu haachi kula namna hiyo isipokuwa anajua anatazamwa. Ameambiwa na nani kwamba niko pale?

Chapati niliifunga kwenye gazeti nikawapelekea mbuzi wa Khadra. Kile kipande kilichokuwa mkononi sijui kilikwenda wapi.

Jioni, kwenye futari, Kerrow aliniuliza kwa sauti ya chini habari ya friji. Nikamwambia kichwa kinagonga kwa ajili ya mfungo. Akaniomba msamaha kwa kuuliza. Khadra akaniongezea nyama.

Alhamisi, 26 Februari

Siku ya kupatana. Mchungaji alisema usimwombee mgonjwa hali una kinyongo na mtu. Nimechunguza moyo wangu wote. Nina kinyongo na mtu mmoja tu, ni Mwiti, na kosa ni lake. Kwa hiyo nikaamua kumsamehe.

Lakini kumsamehe wapi? Nikimsamehe kwake nyumbani atakataa baadaye kwamba hakusamehewa. Nikamngoja Soko Mugdi, penye wauza nguo, mahali ambapo waumini kadhaa hupita. Alipotokea nikamshika bega nikamwambia kwa sauti, Mwalimu, nimekusamehe!

Watu wakasimama. Ndivyo nilivyotaka.

Mwiti akauliza nimemsamehe nini. Hilo sikuwa nimelitayarisha. Nikasema yeye mwenyewe anajua. Akasema hajui, nimwambie ili aombe radhi vizuri. Mama mmoja muuza mashuka akasema kwa ukali, "Waryaa, ambia yeye, mtu naomba radhi!" Ikabidi niseme. Nikasema nilimshuku kwamba anakula mchana. Na kwamba aliinua mkono mapema.

Mwiti hakukasirika. Alinishukuru! Akaniambia ananielewa, kwa maana hata mimi ninasemwa, ila yeye amekataa kuamini. Ninasemwa nini? Akavuta pumzi. Eti nimesilimu. Eti nimeonekana nikifuturu uani kwa Kerrow jioni mbili mfululizo. Wengine wanasema siyo, Hezroni hawezi kusilimu, maana ameonekana mchana kweupe akila chapati nyuma ya pazia. Kwa hiyo kanisa limegawanyika. Kuna wanaosema nimekuwa Mwislamu, na kuna wanaosema mimi si kitu chochote.

Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona njia. Wiki nzima nina njaa mchana kutwa, na hakuna Mkristo hata mmoja anayejua kwamba nimefunga! Waislamu wote wa bulla yetu, mtaa mzima, wanajua.

Niliumia. Halafu nikafikiri. Nani amezisambaza habari hizi? Mtu aliyesema amekataa kuziamini. Angekataaje kitu asichokuwa nacho?

Ijumaa, 27 Februari

Nimekata shauri kwamba kilichobaki ni sauti. Mchungaji akiisikia sauti yangu Jumapili atasahau chapati. Nikafunga mlango, nikasimama mbele ya kioo, nikaanza mazoezi. Kuna sauti ya chini, ya kumtuliza mgonjwa. Kuna sauti ya juu, ya kuukemea ugonjwa. Ya chini sina taabu nayo. Ya juu inanikwaruza koo, hasa bila maji. Niliinua mikono nikaukemea mto wa kitandani mara nyingi.

Ayeyo Ugbad akagonga ukuta kwa fimbo yake. Alitaka kujua nani anagombana nami.

Nikaenda kumwamkia. Alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini. Yeye hafungi, sheikhe na daktari wote wawili wamemkataza, na jambo hilo linamwudhi mpaka leo. Nikakumbuka sharti la Mchungaji, msikilize mgonjwa kwanza. Huyu hapa mgonjwa! Nikakaa chini nimsikilize.

Aliniuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza. "Hii nafunga, ni ya sisi ama ni ya kanisa?" Nilitaka kuzungusha maneno. Macho ya yule bibi hayazungushiki. Nikasema ni ya kanisa. Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Jioni kula sambusa tu. Mimi taambia Kerrow bolebole, yeye habana kasirika."

Halafu akaanza habari za kwao Hadado, za ngamia wa baba yake, ngamia mmoja jike mwenye hasira aliyekuwa akimkubali yeye peke yake kumkama. Nilisikiliza nikingoja afike kwenye ugonjwa. Hakufika. Mara anaomba maji. Anakunywa, anaomba tena. Alisema tangu jana kiu haikatiki na watu anawaona wana ukungu. Kisha akarudi kwa ngamia. Nikashuku kwamba ananificha ugonjwa wenyewe. Wazee ni wasiri. Nikamuaga ili nirudi kwenye sauti ya juu kabla koo halijapoa.

Jumamosi, 28 Februari

Niliamshwa na kilio cha Khadra. Ayeyo hakuamka sawasawa. Alikuwa akihema kwa nguvu, ukimwita anafungua macho na hakujui. Kerrow alimbeba mikononi akamtia kwenye gari la jirani, wakaenda hospitali.

Nilibaki uani na njaa yangu. Khadra aliniambia nimwombee. Alisema tu hivyo, niombe kwa njia yangu, wao wanaomba kwa njia yao. Nikainua mikono. Hakuna sauti iliyotoka, si ya chini wala ya juu.

Adhuhuri Kerrow alipiga simu. Yuko hai. Sukari ilikuwa imepanda vibaya sana. Daktari aliiangalia dawa, akauliza iliwekwa wapi. Ile friza ya soda! Dawa hiyo ikiganda inakufa, hata ikiyeyuka haifai kutumiwa. Tangu Jumanne bibi alikuwa akidungwa maji. Wamempa dawa mpya, hali imeanza kutulia, ila wamesema wazi kwamba hatapewa dawa ya kukaa nayo nyumbani mpaka kuwe na friji inayofanya kazi.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Jumanne aliniuliza mimi. Nilisema ni sawa. Niliogopa, na hofu hiyo sikuweza kumshuku mtu yeyote kwayo.

Nikachukua vifaa. Relei ya kompresa ilikuwa imeungua, kidude cha kutosha kiganjani. Nilikuwa nacho kipya kwenye droo yangu tangu mwaka jana. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na hilo sikumwambia mtu. Niliangusha bisibisi mara kwa mara. Nilipochomeka waya ukutani niliomba. Sikumbuki niliomba kwa sauti gani. Nadhani nilisema tu, tafadhali. Mota ikanguruma.

Sikuondoka. Nilikaa kando yake kwenye sakafu, nikifungua mlango na kuingiza mkono, nikirekebisha baridi isizidi, isipungue. Adhana ikalia, Khadra akaniletea tende, nikasahau kuzila. Baadaye gari likaingia. Ayeyo alishuka akishikiliwa pande zote mbili, akiwagombeza wanaomshika. Dawa ilikuwa kwenye chupa ya chai yenye barafu. Niliipokea mwenyewe nikaipanga kwenye rafu ya katikati. Nililia kidogo ndani ya friji, huko hakuna aliyeniona.

Kerrow hakunigombeza hata neno moja. Alinikumbatia tu. Kwa nini hakunigombeza? Mtu wa namna hiyo ana mpango.

Jumapili, 1 Machi

Siku yenyewe! Nilipanga viti kwa mara ya mwisho, au ndivyo nilivyojiambia.

Watu walinisalimia kwa ncha za vidole. Wale wa kusilimu waliketi upande wa kushoto, wale wa chapati kulia. Mchungaji alituita mbele, mimi na Mwiti, akatuuliza tulivyojitayarisha.

Mwiti alianza. Kila mara anaanza yeye! Akasema hastahili. Alifunga Jumatatu na Jumanne, lakini Jumatano darasani alishikwa na kizunguzungu, akala ndizi mbili na andazi. Akasema aliona aibu kulisema, ila hawezi kuwawekea wagonjwa mikono akiwa na uongo. Akatoa leso akajifuta macho. Kina mama wakaguna kwa huruma. Ona ujanja! Mtu anakiri mbele ya watu wote ili aonekane mkweli!

Ikaja zamu yangu. Mama Kasyoka akainuka. Akasema kwa upendo kabisa kwamba kuna jambo alilishuhudia mwenyewe, nyuma ya pazia.  Nilihisi mikono yangu ikirudi kwenye viti, kimoja baada ya kingine, mpaka nife.

Hapo ndipo askari wa lango aliingia akasema kuna mzee anamtafuta Hezroni. Alikuwa ni Kerrow, amevaa kanzu yake nyeupe, ameshakaguliwa kwa kile chombo chao cha kutafutia silaha na bado mikono ameinyoosha kama alivyoambiwa. Upande wa kushoto ukapumua kwa nguvu. Wamekuja kumchukua mtu wao!

Mchungaji alitoka nje kumlaki, nasi tukamfuata, kanisa zima. Kerrow aliomba msamaha kwa kukatiza ibada. Akasema amekuja kwa sababu mama yake amemtuma, na mama yake akituma mtu huendi kesho. Akasema huyu fundi amefunga wiki hii yote, mfungo wa kanisa lake, amekaa nao kila jioni, hata maji mchana hajagusa, yeye ni shahidi. Na jana mama alipokuwa anakufa, huyu alikaa na friji mpaka dawa ikapata mahali. "Hata futari hakukula. Bastor, mimi naapa, huyu ni mtu fizuri."

Mchungaji akanigeukia. Kama nilifunga, ile chapati ilikuwa ya nini?

Sijui jibu lilitoka wapi. Nikasema, Mchungaji, si ulituambia tufunge kwa siri? Nilikaa na chapati ili watu wadhani ninakula.

 Mtu mmoja akasema haleluya. Mwingine akaitikia. Mama Kasyoka akaja mbele yangu akaniomba radhi huku machozi yakimtoka. Nikamsamehe, kwa sauti ya chini.

Mchungaji peke yake hakusema haleluya. Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema nafasi ni yangu. Akanipaka mafuta, akaishika mikono yangu miwili, akaanza kuniambia maneno marefu kuhusu mikono hiyo, na Ayeyo, na jana, na kazi gani hasa ndiyo iliyokuwa ombi. Alikuwa akiyasema kwa uchungu. Sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nikimtazama Mwiti, ambaye alikuwa akipiga makofi kupita kiasi.

Jumatatu, 2 Machi

Nimeamka nikiwa mtu wa huduma. Nililala mikono ikiwa nje ya shuka na sijaiosha.

Mwiti alinipigia simu ya pongezi kabla sijanywa chai. Mapema hivyo? Anasema ataomba awe akinisindikiza kwa wagonjwa, anifunze na yeye ajifunze. Anataka kunitazama kwa karibu. Nitamshinda kwa unyenyekevu, safari hii nitakiri jambo kubwa kuliko andazi. Ninalitafuta.

Mchana simu nyingine. Muuguzi mmoja, Istahil, wa zahanati ya upande wa Modogashe. Amepewa namba yangu na Kerrow, ambaye anamwambia kila mtu habari zangu. Nikaketi vizuri. Nikakohoa, nikaitayarisha sauti ya chini. Yuko wapi mgonjwa?

Akasema hakuna mgonjwa. Ni friji ya chanjo, imezimika tangu asubuhi. Chanjo zimo kwenye sanduku la barafu, barafu inayeyuka, na kina mama wameambiwa wawalete watoto kesho kutoka malishoni, mbali sana. Lipo lori linatoka Garissa sasa hivi, dereva yuko tayari kunibeba. Nikamwuliza tena kama hakuna hata mtoto mmoja anayeumwa. Akasema hapana, wote wazima, ndiyo maana anataka friji, wasije wakaumwa.

Huyu naye ametumwa na nani, siku ya kwanza ya huduma yangu, kunirudisha kwenye bisibisi? Nilimjibu kwa upole. Nikampa namba ya Mustafe wa sokoni, ambaye bado yuko kwenye mambo ya friji. Nikamweleza kwamba mimi nimeacha. Sasa ninaponya watu.